Mama yuko ICU: je, virutubisho vya kuongeza kinga vitamkinga na maambukizi?

Swali: "Mama yangu ana miaka 58 na ana kisukari. Aliugua nimonia, akazidiwa, na leo ni siku ya sita yuko ICU. Anapumua kwa mashine na analishwa kwa mpira wa puani. Kabla ya kulazwa alikuwa hali vizuri kwa zaidi ya wiki mbili, amekonda sana. Mama mdogo aliyeko Muscat ametuma makopo mawili, moja la unga wa glutamini na jingine la bakteria rafiki wa tumbo. Jirani yetu hapa Tanga anauza virutubisho, anasema bila vitamini C ya dozi kubwa kinga itashuka na mama atapata maambukizi mengine humo humo ICU. Kaka yangu anataka apewe na vidonge vya kuongeza damu. Nesi amekataa vyote, hata uji wa lishe tuliopika nyumbani. Na maziwa wanayompa ni kidogo mno, mililita 20 kwa saa, naona kama wanamshindisha njaa. Tufanye nini?"

Dada yangu, pole sana na kuuguza. Kukaa kwenye benchi nje ya ICU ukisubiri saa ya kuona wagonjwa, huku simu inaita na kila ndugu anauliza "anaendeleaje?", ni kazi nzito. Na makopo yale mawili yametoka kwenye mapenzi, hilo halina ubishi. Nitakujibu kila ulichokitaja, ili uweze kuwaeleza kaka yako na mama mdogo bila yeyote kuona amedharauliwa.

Nesi yuko sahihi. Nalisema mapema ili usisome yote haya moyo ukiwa juu. Hakunyimi kitu kitakachomwokoa mama. Baadhi ya vitu hivyo vimejaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa wa aina yake, na vingi havikuzuia maambukizi hata kidogo. Vingine viliongeza madhara.

Hofu ya jirani yako, hata hivyo, ina msingi. Mgonjwa wa ICU kweli hupata maambukizi mapya akiwa humo humo. Ila tazama yanapitia wapi. Mama ana mpira kooni unaokwenda kwenye mapafu, ana mpira mwingine puani unaokwenda tumboni, pengine ana mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, na ana mpira wa mkojo. Mtu mzima wa afya analindwa na kikohozi, mate, ngozi isiyo na tundu na mkojo unaotoka wenyewe. Mama yako sasa hivi hana hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi sawasawa. Hakohoi kwa sababu ya dawa za usingizi. Mate yake yenye bakteria yanateleza taratibu pembeni ya mpira wa kooni. Kila mpira ni mlango uliofunguliwa kwa lazima, na bakteria wanaingia kwa milango hiyo. Kopo la unga halifungi mlango hata mmoja, na likichanganywa kwa maji yasiyo salama linafungua mwingine.

Tuanze na glutamini, kwa sababu hiyo hata sisi wataalamu tuliiamini. Ni moja ya asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, na ndiyo nishati ya seli za utumbo na za kinga. Mtu akiugua vibaya, kiwango chake kwenye damu kinaweza kushuka, na wale ambao kimeshuka hufariki zaidi kuliko wenzao. Hoja ikawa nyepesi: kama imepungua, tuirudishe. Tafiti ndogo ndogo za mwanzo zilionyesha matumaini, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiomba hospitali iinunue.

Kisha ukafanywa utafiti mkubwa ulioongozwa na Daren Heyland wa Kanada, unaojulikana kwa jina la REDOXS, ukachapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 1,223 katika ICU 40 za Kanada, Marekani na Ulaya, wote wakiwa kwenye mashine ya kupumulia na viungo viwili au zaidi vimeanza kushindwa kazi. Wengine walipewa glutamini, wengine seleniamu, zinki, vitamini C, vitamini E na beta karotini, wengine vyote pamoja, wengine hawakupewa kitu. Baada ya siku 28, waliopewa glutamini walikuwa wamefariki asilimia 32.4, na wasiopewa asilimia 27.2. Ilipotimia miezi sita pengo lilikuwa bado lipo: asilimia 43.7 kwa 37.2. Maambukizi hayakupungua. Zile vitamini na madini nazo hazikusaidia lolote. Na wale waliopimwa damu kabla ya kuanza, wengi wao hawakuwa na upungufu wa glutamini hata kidogo, kwa hiyo walikuwa wakiongezewa kitu ambacho hakijapungua, na figo na ini zilizochoka zikalazimika kukishughulikia.

Mwaka uliofuata Waholanzi, Wajerumani, Wafaransa na Wabelgiji walitoa matokeo ya utafiti wao, MetaPlus. Hapo maziwa ya mpirani yenye protini nyingi yaliongezwa glutamini, mafuta ya samaki, seleniamu na vitamini, yakalinganishwa na maziwa yenye protini nyingi bila nyongeza hizo. Wagonjwa walikuwa 301. Waliopata maambukizi mapya: asilimia 53 upande mmoja, 52 upande wa pili. Yaani hakuna kitu. Lakini kati ya wale walioingia ICU kwa maradhi, siyo kwa ajali wala upasuaji, asilimia 54 ya waliopewa nyongeza walikuwa wamefariki ndani ya miezi sita, dhidi ya 35 ya wenzao. Mama yako mwenye nimonia angekuwa kwenye kundi hilo hilo. Ndiyo maana kopo la mama mdogo haliwezi kupita.

Kopo la pili, la bakteria rafiki, lina hadithi yake. Wazo lake ni kwamba bakteria wema wakiwa wengi tumboni, waovu wanakosa nafasi. Uholanzi walijaribu kwa wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho, wakiwalisha bakteria hao kupitia mpira wa utumboni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 na yalishtua: waliopewa walifariki asilimia 16, wasiopewa asilimia 6. Wagonjwa tisa utumbo wao ulikosa damu ukaanza kufa. Kwenye kundi la pili hakuwepo hata mmoja. Baadaye, mwaka 2021, ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa Kanada, Marekani na Saudi Arabia kwa wagonjwa 2,650 wa mashine ya kupumulia. Kilichotafutwa ni kile kile unachokiogopa wewe, nimonia inayopatikana mtu akiwa kwenye mashine. Waliopewa bakteria rafiki waliipata asilimia 21.9, wasiopewa 21.3. Na kwa wagonjwa 15 wa kundi la kwanza, bakteria yule yule "rafiki" alikutwa mahali asipotakiwa, wengine kwenye damu. Kundi la pili alikuwa mgonjwa mmoja tu.

Sasa vitamini C. Hii watu wanaipenda kwa sababu inaonekana haina ubaya: ni machungwa tu. Lakini dozi inayozungumzwa siyo ya machungwa. Katika utafiti uitwao LOVIT, uliochapishwa mwaka 2022, kulikuwa na wagonjwa 872 wenye maambukizi makali yaliyosambaa mwilini, na karibu nusu yao walipewa kwa mshipa miligramu 50 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa sita. Kwa mtu wa kilo 50 ni gramu 10 kwa siku. Ukitaka kuzipata kwa machungwa ya Muheza, utamenya zaidi ya 100 kila siku. Waliofariki au kubaki na viungo vilivyoshindwa kazi siku ya 28 walikuwa asilimia 44.5 kwa waliopewa, na 38.5 kwa wasiopewa.

Na kwa mama yako lipo la ziada, kwa sababu ana kisukari. Vitamini C nyingi kwenye damu inavidanganya baadhi ya vipimo vya sukari vya kutoboa kidole. Kipimo kinasoma sukari ipo juu wakati iko kawaida au chini. Nesi anaongeza insulini kwa kuamini namba. Sukari inaporomoka, na mtu aliyelazwa usingizi kwa dawa hatokwi na sauti ya kusema anasikia kizunguzungu. Mwambie jirani yako hivyo hivyo nilivyokuandikia, kwa upole, maana sidhani kama anajua.

Vidonge vya kuongeza damu vinanigusa zaidi, kwa kuwa somo lake kubwa lilipatikana kwetu, Pemba. Wataalamu, akiwemo Sunil Sazawal, walitaka kujua kama kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku kutapunguza vifo. Watoto 24,076 wa kuanzia mwezi mmoja hadi 35 waliingizwa, katika kisiwa chenye malaria nyingi wakati ule. Mwezi Agosti 2003 sehemu ya chuma ilibidi isimamishwe. Waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano zaidi kwa asilimia 12 wa kulazwa kwa ugonjwa mkali au kufariki, kuliko waliopewa kidonge kisicho na kitu. Katika kikundi kidogo kilichofuatiliwa kwa karibu, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma na damu kweli walinufaika. Hapa ndipo penye somo. Chuma kilekile kilimsaidia aliyepungukiwa na kikamdhuru asiyepungukiwa aliyekuwa akizungukwa na malaria.

Hao walikuwa watoto wa majumbani, siyo wagonjwa mahututi, na sitaki uchanganye. Ila sababu ya kibaiolojia inafanana. Bakteria na vimelea wanahitaji chuma ili wazaane, kama mahindi yanavyohitaji mbolea. Mwili unalijua hilo. Maambukizi yakiingia, ini linatoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo inafunga chuma ghalani na kuzuia kingine kisipite utumboni. Damu ya mama inaonekana pungufu kwenye kipimo kwa sehemu kwa sababu mwili umeficha chuma makusudi. Ukimpa kidonge sasa hivi, sehemu kubwa ya chuma chake itabaki utumboni bila kufyonzwa. Damu ikishuka mno ataongezewa damu yenyewe, na suala la chuma litaangaliwa maambukizi yakiisha. Wodi za watoto wenye utapiamlo mkali wanafuata kanuni hiyo hiyo kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: mwanzoni mtoto hapewi chuma hata kama ni mweupe wa kutisha. Husubiriwa mpaka hamu ya kula irudi na aanze kuongezeka uzito.

Nije kwenye uji. Hapa najua moyo unauma, kwa sababu uji wa lishe wenye ulezi, soya na karanga ndiyo dawa tunayoifahamu tangu utotoni. Katika hospitali moja niliyofanya kazi miaka ya nyuma, ndugu wa kijana aliyeumia kichwa walikuwa wakileta uji alfajiri kwenye chupa ya chai. Ulikuwa mzuri, mwororo, una harufu ya karanga mbichi zilizosagwa vizuri. Chupa ilikaa chini ya kitanda. Saa tatu alipewa, saa saba akapewa uliobaki, na jioni nikafungua kifuniko mwenyewe: uji ulikuwa vuguvugu, umeanza kuchacha, na juu una vitone vidogo vya hewa. Bomba la sindano la kulishia lilikuwa limesuuzwa kwenye sinki la kunawia mikono na kuwekwa juu ya kabati likiwa na maji ndani. Usiku mpira uliziba kwa punje za karanga. Ukatolewa, ukawekwa mwingine, akatapika wakati wa kuwekewa, na siku mbili baadaye akapanda homa na mapafu yakachafuka. Siwezi kuapa kwamba ni uji. Lakini tangu siku hiyo nikiona chupa ya chai chini ya kitanda cha mgonjwa mwenye mpira, naiondoa kwanza ndipo nasalimia.

Uji vuguvugu ndiyo makazi bakteria wanayoyapenda kuliko yote. Mtu mzima mwenye tindikali ya kutosha tumboni anaweza kuula asidhurike. Mgonjwa wa ICU mara nyingi anapewa dawa ya kupunguza tindikali ili asitokwe na damu tumboni, kwa hiyo hata hicho kizuizi hana. Ndiyo maana hata maziwa maalumu ya unga ya hospitali, yakishachanganywa, hayatakiwi kuning'inia zaidi ya saa nne. Yale yanayokuja yakiwa majimaji tayari kwenye mfuko uliofungwa kiwandani yanaweza kufika saa 24. Unga wowote, hata wa bei kubwa kutoka Muscat, hauko safi kiasi cha kutokuwa na kijidudu hata kimoja. Ni mkavu tu. Ukikutana na maji na joto, vilivyolala vinaamka. Na kama mtu amekushauri maji ya madafu kwa sababu ni "dripu ya Mungu", yana potasiamu nyingi, na figo zikiwa zimechoka potasiamu inaweza kuusimamisha moyo.

Sasa lile la njaa. Hili ndilo lililokuandikisha barua, naamini, kuliko makopo.

Inatisha kuona mfuko wa maziwa unadondosha mililita 20 kwa saa. Kwa siku nzima ni mililita 480, na maziwa mengi ya aina hiyo yana kalori moja kwa mililita, kwa hiyo ni kama kalori 480. Wewe mwenyewe kwa chapati mbili na chai ya maziwa umeshazifikia au kuzipita. Lakini siku za mwanzo za ugonjwa mkali mwili haufanyi kazi kama wako. Unavunja misuli yake wenyewe na kutengeneza sukari, na hauachi hata ukimiminiwa chakula kingi. Kinachoongezwa kinajumlishwa kwenye kile kinachotengenezwa ndani. Sukari inapanda, mafuta yanajaa ini, hewa chafu inaongezeka na mashine inabidi ifanye kazi zaidi.

Waliotufundisha hili kwa uwazi ni kundi la Greet Van den Berghe wa Leuven, Ubelgiji. Mwaka 2011 walichapisha utafiti wa watu wazima 4,640. Nusu walianza kupewa chakula kamili cha mshipani ndani ya saa 48 kuziba pengo la kile kisichopita mpirani. Nusu nyingine hawakupewa chakula hicho cha mshipani hadi siku ya nane. Waliocheleweshwa, ambao wewe na mimi tungesema wameshindishwa njaa, walipata maambukizi mapya machache kuliko wenzao: asilimia 22.8 dhidi ya 26.2. Wakarudia kwa watoto 1,440 wa Leuven, Rotterdam ya Uholanzi na Edmonton ya Kanada. Mwaka 2016 jibu likatoka: asilimia 10.7 kwa waliocheleweshwa, 18.5 kwa waliowahishwa. Watoto! Wengi wetu tulidhani watoto wasingevumilia.

Kwa nini chakula kizuri kilete maambukizi? Sehemu ni sukari, maana sukari ikipanda seli nyeupe za damu zinazembea. Sehemu nyingine ni jambo ambalo watu wa Leuven wamelichimba sana. Seli za mwili zina kazi ya kujifagia. Zinaokota protini zilizoharibika na hata bakteria walioingia ndani, zinaviyeyusha na kuvitumia upya. Fagio hilo linashika kasi mtu anapofunga, na linapoa chakula kikimiminwa kwa wingi. Mgonjwa aliyejaa mabaki ya vita vya kinga analihitaji fagio hilo kuliko mtu yeyote.

Na isiwe umefikiri ni hadithi ya Ulaya peke yake. Yaseen Arabi na wenzake, kwa wagonjwa 894 wengi wao wakiwa Saudi Arabia na waliobaki Kanada, waliwapa kundi moja asilimia 40 hadi 60 tu ya kalori walizokadiriwa, na jingine asilimia 70 hadi 100, protini ikiwa sawa. Baada ya siku 90 walikuwa wamefariki asilimia 27.2 na 28.9. Hakuna tofauti ya maana. Mwambie mama mdogo, huko ni jirani kwake.

Kwa mama yako kuna sababu ya pili ya kwenda polepole, na ni kubwa. Umesema alikuwa hali kwa zaidi ya wiki mbili na amekonda. Mwili uliozoea kukosa, ukipewa chakula kingi ghafla, insulini inapanda na kusukuma fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kwenda ndani ya seli. Fosfati ikiisha kwenye damu, misuli ya kupumua inalegea na moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Madaktari waliliona hilo baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kwa mateka waliotoka makambini wakiwa mifupa, wakalishwa kwa huruma, na baadhi yao wakaharibikiwa baada ya kuanza kula. Muulize daktari, kwa maneno haya haya: "Fosfati na potasiamu za mama zinapimwa? Amepewa thiamini?" Thiamini, au vitamini B1, ni nyongeza moja ambayo kwa mtu aliyekonda hivi nitaipigania, tena kabla ya maziwa kuongezwa.

Kwa hiyo sisemi nyongeza zote ni mbaya. Mtu aliyeungua sana hupoteza zinki, shaba na seleniamu kupitia vidonda, anarudishiwa. Anayesafishwa damu kwa mashine muda mrefu hupoteza vitamini zinazoyeyuka kwenye maji, anarudishiwa. Mgonjwa wa saratani anayesubiri upasuaji mkubwa wa tumbo, ambaye bado anatembea na kunywa mwenyewe, akipewa vinywaji vyenye arginini (asidi amino nyingine) na mafuta ya samaki, uwezekano wa kidonda chake kupata maambukizi huelekea kupungua. Nadhani imani ya wengi ilitoka huko, ikahamishiwa kwa mtu aliyeko kwenye mashine na presha ya kushikiliwa na dawa, ambaye arginini inaweza kuzidi kuilegeza mishipa yake. Na hapa Dar es Salaam, Wafaie Fawzi na wenzake walionyesha kwamba vitamini B, C na E ziliwasaidia kinamama wajawazito wenye virusi vya UKIMWI kuchelewa kudhoofika, ilhali vitamini A katika utafiti huo huo iliongeza maambukizi ya virusi kwenda kwa mtoto. Wanawake wale wale, mji ule ule, vidonge viwili tofauti. Neno "vitamini" peke yake halikuambii kitu.

Kwa mama yako, leo, ningetaka kuona hivi. Maziwa ya mpirani yawe yalianza mapema, ndani ya saa 48 za kwanza kama presha ilikuwa imetulia, na yapandishwe kidogo kidogo, mpaka wiki ya kwanza ikiisha awe anapata karibu na mahitaji yake. Kwa kilo 50 ni kama kalori 1,000 hadi 1,250 kwa siku, na protini karibu gramu 65. Sukari ikae chini ya 10 kwenye kipimo, bila kulazimishwa kushuka sana. Walipojaribu kuibana mpaka iwe kama ya mtu mzima wa afya, katika utafiti wa NICE-SUGAR wa mwaka 2009 wenye wagonjwa zaidi ya 6,000, vifo viliongezeka. Siku ya sita kwenye mililita 20 siyo kosa la moja kwa moja, lakini una haki ya kuuliza kwa nini haijapanda na wamepanga kuipandisha lini. Huenda maziwa yanarudi kwa matapishi, huenda fosfati ilishuka wakasimama. Jibu lipo kwenye faili. Omba kuonana na mtaalamu wa lishe wa hospitali kwa jina la cheo chake, maana mara nyingi ndugu hawajui kwamba yupo.

Wewe mwenyewe una kazi, na siyo ya kubeba kopo. Ukiingia, tazama kitanda: kichwa kiwe kimeinuliwa, kati ya nyuzi 30 na 45, ili kilicho tumboni kisipande kooni. Kimeshuka? Mwambie nesi, usikiinue mwenyewe. Uliza kama mama amepigwa mswaki leo. Mdomo unaosafishwa kwa mswaki kila siku, hata wa mtu asiyejitambua, unapunguza nimonia, na baadhi ya wodi nesi mmoja ana wagonjwa wengi, atashukuru ukimletea mswaki mpya laini na ukamuuliza kama anaweza kukuelekeza namna ya kusaidia. Nawa mikono kabla ya kumgusa na baada, kila anayeingia, hata sheikh au mchungaji aliyekuja kumwombea. Uliza kila siku kama mrija wa shingoni na mpira wa mkojo bado vinahitajika. Vikitolewa siku moja mapema, huo ni mlango uliofungwa.

Makopo myaache yakiwa yamefungwa, mahali pakavu, na muangalie tarehe ya kwisha. Mama akitoka ICU mpelekeeni mtaalamu wa lishe ayaone. La glutamini sitarajii atalihitaji, la bakteria labda siku moja nyumbani, na hela mliyotaka kununulia virutubisho inunulieni mayai, dagaa na maziwa, maana kazi ya kurudisha misuli itakuwa ya miezi. Na siku watakayomtoa mpira wa kooni, atakapoomba maji kwa sauti ya mikwaruzo na nyote mtalia kwa furaha, msimpe. Subirini kwanza nesi au daktari apime kama anameza sawasawa, kwa kijiko kidogo cha maji, akiwa amekalishwa wima. Koo lililokaa na mpira siku nyingi linasahau kazi yake, na uji wa kwanza wa mapenzi unaweza kuteremkia mapafuni. Akipita kipimo hicho, pikeni ule wenu wa ulezi, mwepesi, wa moto, wa kuliwa pale pale.